Mali bila Daftari: Kiswahili Mlangoni pa Somo la Biashara na la Kompyuta

Methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hukutana nazo mapema. Katika kipindi cha Kiswahili hufafanuliwa maana yake ya nje na ya ndani, hutungiwa insha, kisha huwekwa kando. Kengele ikilia, mwanafunzi huyo huyo, ikiwa amechagua somo la Biashara, huingia darasa jingine na kufundishwa jinsi daftari lenyewe linavyoandikwa: upande wa kushoto na wa kulia wa leja, fedha zilizoingia na zilizotoka, salio la mwisho wa mwezi. Aghalabu hakuna mwalimu anayemwambia kwamba vipindi hivyo viwili vinazungumzia jambo moja. Makala haya yanashikilia kwamba utengano huu ni hasara kwa mwanafunzi na kwa lugha, na kwamba wanaopaswa kuanza kuuondoa ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mnamo Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Chini ya mtaala huo mwanafunzi huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mbali na masomo ya lazima, Kiswahili kikiwamo, yeye huteua masomo matatu ya hiari. Biashara na Kompyuta yamo katika orodha hiyo, kama yalivyokuwa chini ya mfumo wa 8-4-4. Mitaala imebadilika, lakini lugha ya kufundishia masomo haya ni ile ile, yaani Kiingereza, na mjadala wa umma kuhusu mikondo haukuligusa jambo hili kwa kina.

Ieleweke kwamba masomo haya yana manufaa makubwa. Somo la Biashara chini ya 8-4-4 limekusanya pamoja yale yaliyokuwa yakifundishwa mbalimbali: biashara ya ndani na ya nje, uhasibu, uchumi na kazi za ofisini. Mwanafunzi hujifunza bima, maghala, uchukuzi, benki, mfumko wa bei na bajeti ya serikali. Katika Kompyuta, hujifunza sehemu za mashine, uchakataji wa matini, lahajedwali, hifadhidata, usalama wa data na misingi ya kuandika programu. Mtahiniwa wa KCSE katika somo hilo hutakiwa hata kuunda mfumo mzima kama mradi. Haya ni maarifa yanayohitajika, na si ajabu wazazi wengi kuwahimiza watoto wao wayachague.

Swali ni je, maarifa haya yanakwenda kutumika wapi? Takwimu rasmi za kila mwaka zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini, nje ya kilimo cha wakulima wadogo, zimo katika sekta isiyo rasmi. Mhitimu wa kawaida wa somo la Biashara hangojewi na ofisi yenye mhasibu na katibu. Anangojewa na kibanda Gikomba, meza ya nafaka Kongowea, duka la vipuri Kibuye, au kikundi cha akiba kijijini kwao. Huko kote, mapatano hufanywa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na mara nyingi kwa zote mbili. Mwenye ujuzi asiyeweza kuueleza kwa lugha ya wateja wake, wabia wake na wadeni wake huwa kama fundi aliyefungiwa zana zake ndani ya sanduku.

Baadhi ya watu hudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea elimu hiyo. Dai hili halina mashiko hata kidogo likielekezwa kwa biashara. Lugha hii ilikomaa bandarini, na wenye majahazi, madalali na wenye maduka waliitumia kufanya hesabu zao karne nyingi kabla ya shule ya kwanza ya kikoloni. "Arbuni" ni malipo ya awali yanayofunga makubaliano. "Mali kauli" ni bidhaa anazochukua muuzaji kwa ahadi ya kulipa baada ya kuziuza. "Hundi", "hawala", "rehani", "dhamana", "amana", "ankara", "stakabadhi", "ubia", "hisa" na "muflisi" ni maneno yanayotaja kwa usahihi mambo yale yale ambayo mwanafunzi wa Biashara hukariri kwa Kiingereza. Mitaa nayo haijakoma kuunda mapya. Mwenye duka anayemwambia mteja "lipa mdogo mdogo" ameshataja ununuzi wa awamu kwa namna isiyohitaji kufasiriwa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba maneno hayo yalitoka pande nyingi. Mengi ni ya Kiarabu, mengine yalikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi, na "benki", "leja" na "risiti" yametokana na Kiingereza. Wafanyabiashara wa pwani hawakuona haya kukopa neno lililowafaa. Walilipa sura ya Kiswahili, wakaendelea na kazi. Hapa pana funzo kwa somo la Kompyuta. Wataalamu wa Kiswahili nchini wametumia nguvu nyingi kubishana iwapo mashine hiyo iitwe "kompyuta", "tarakilishi" au "ngamizi", na iwapo mlango wake ufunguliwe kwa "nywila" au kwa "nenosiri". Mijadala hiyo ina nafasi yake, lakini haijamfikia mwanafunzi anayeketi mbele ya kiwambo. Kwake yeye, afadhali neno lolote kati ya hayo litumiwe kila siku kuliko yote matatu kuhifadhiwa katika orodha ya istilahi.

Ushahidi kwamba Kiswahili kinaiweza teknolojia uko wazi. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisini kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, M-Pesa ilianzishwa mwaka 2007 na kuenea hadi vijijini ikiwa imebeba neno la Kiswahili katika jina lake. Baadaye zikafuata M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Walioyateua majina haya walijua kwamba mteja huamini kitu anachoweza kukitamka na kukielewa. "Fuliza" ni kitenzi ambacho pengine vijana wengi hawakuwahi kukisoma darasani. Leo hakuna asiyekijua. Kampuni za biashara zimetambua thamani ya msamiati wa Kiswahili, ilhali darasa la Biashara bado halijautambua.

Hapa ndipo hasara inapoonekana. Kwa miaka kadhaa, mikopo ya simu ilisambaa nchini kwa kasi kiasi kwamba Benki Kuu ya Kenya ililazimika kutoa kanuni za kuwadhibiti wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Kanuni ni jambo jema, lakini hazimsaidii mkopaji asiyeelewa alichokubali. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 1,000 unaotozwa "ada" ya shilingi 10 kwa siku. Shilingi 10 huonekana kuwa kitu kidogo. Baada ya siku 30 ada hiyo imefika shilingi 300, nayo ni asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kuikokotoa hesabu hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Je, anaweza kumweleza shangazi yake tofauti kati ya ada na riba, na kwa nini kubadilisha jina hakupunguzi deni? Lugha anayo, na hesabu anayo, ila hajawahi kuombwa kuziweka pamoja. Wahenga walikwisha kusema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Elimu ya Biashara ingemwonyesha mkopaji ni siku ya ngapi harusi hiyo inapogeuka kuwa matanga.

Wapo watakaopinga kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mtihani, ya vyuo na ya masoko ya dunia, na kwamba kumpa mwanafunzi istilahi za lugha mbili ni kumtwika mzigo. Hoja hii haifai kupuuzwa. Mtihani una uzito wake, na hakuna mzazi atakayekubali mtoto wake apoteze alama kwa ajili ya mapenzi ya lugha. Hata hivyo, kinachopendekezwa hapa si kubadilisha lugha ya mtihani. Kinachopendekezwa ni kwamba dhana iliyofundishwa kwa Kiingereza ielezwe pia kwa Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010. Mwanafunzi aliyeelewa dhana kwa lugha anayoitumia kila siku huikumbuka kwa urahisi zaidi anapotakiwa kuiandika kwa lugha nyingine.

Lawama, basi, zisielekezwe kwa walimu wa Biashara na Kompyuta pekee. Somo la Kiswahili lina mlango ambao halijautumia ipasavyo. Katika isimujamii, mwanafunzi hufundishwa sajili ya biashara. Huorodhesha sifa zake: lugha ya ushawishi, kuchanganya ndimi, kutaja bei, msamiati maalumu. Akiulizwa msamiati huo maalumu ni upi, hutoa "bei", "mteja" na "faida", akaishia hapo. Mbona asiulizwe maana ya arbuni? Katika insha za kiuamilifu hufundishwa kuandika barua, kumbukumbu na matangazo. Mbona asiombwe kuandika kumbukumbu za kikundi cha akiba zenye hesabu kamili za michango na mikopo, au mkataba mfupi wa ubia kati ya watu wawili wanaofungua duka? Mazoezi kama haya hayahitaji mtaala mpya. Yanahitaji mwalimu wa Kiswahili atakayevuka ukumbi na kuzungumza na mwenzake wa Biashara.

Vivyo hivyo kwa Kompyuta. Mwanafunzi anapounda mfumo wa duka au wa kikundi cha akiba kama mradi wake, huandika vitufe na maelezo ya kiwambo kwa Kiingereza kwa mazoea tu. Katika mambo ya kiufundi, hakuna kinachozuia vitufe hivyo kusomeka "Hifadhi", "Tafuta", "Futa" na "Salio". Lugha ya kuandikia programu ni jambo moja. Lugha anayoisoma mtumiaji ni jambo jingine. Mwanafunzi anayelitambua hilo mapema huwa amejifunza kanuni muhimu ya ubunifu, kwamba chombo humfuata mtumiaji wake.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni navyo vina kazi. Kila mwaka hufanyika makongamano, na mada za istilahi hazikosi. Ingefaa sehemu ya juhudi hizo ihamie sokoni na bandarini, maneno yakusanywe kwa wanaoyatumia, yalinganishwe na mada za silabasi ya Biashara na ya Kompyuta, kisha yachapishwe katika kijitabu chembamba ambacho mwalimu wa Gredi ya 10 anaweza kukibeba mfukoni. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu atapata humo kazi ya kutosha. Mwanafunzi wa ualimu anayetafuta somo la pili la kufundisha naye afikirie kuunganisha Kiswahili na Biashara, badala ya kudhani kwamba jozi ya Kiswahili lazima iwe Historia au Dini.

Kundi lililoingia Gredi ya 10 mwaka 2026 linatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kijitabu cha istilahi hakihitaji miaka mingi kuandikwa, wala mazoezi ya kumbukumbu za kikundi hayahitaji idhini ya wizara. Ikiwa kundi hilo litaondoka shuleni likijua faida na hasara kwa lugha ya mtihani peke yake, haitakuwa haki kuilaumu serikali kabla ya idara za Kiswahili kueleza zilichofanya kati ya miaka hiyo miwili.