Mwezi wa Tisa, Nani Anateka Maji?



Mvua za kwanza zimekwisha kushuka. Baada ya kiangazi cha tangu mwezi wa sita hadi wa nane, ardhi ya Kabambare imelainika, na majivu ya mashamba yaliyochomwa yamegeuka matope meusi. Usiku kumbikumbi wametoka. Watoto wamewakusanya katika beseni kwa mwanga wa tochi, na asubuhi mabawa yao yametapakaa uani kote. Mahindi ya mbegu, yaliyoning'inia juu ya meko katika moshi tangu mavuno, yameteremshwa. Karanga za mbegu zinamenywa kila jioni, na mama anawatazama kwa jicho kali wale wadogo wanaozipeleka mdomoni.

Katika vitabu tulivyosomea sisi wa rika letu, tulikariri kwa Kifaransa majira manne ya mwaka, na tulifundishwa kwamba mimea huanza kuchipua mwezi wa tatu, theluji inapoyeyuka. Tulijibu vizuri katika mtihani, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona theluji. Majira yetu ya kuchipua ni haya ya mwezi wa tisa. Na ni katika mwezi huu huu kengele ya shule inalia, kwa maana mwaka wa shule wa nchi yetu hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Hivyo shamba na shule hubisha hodi siku moja, kila mmoja akidai watoto wale wale. Tunapenda leo kutafakari pamoja nanyi swali moja tu: familia inapolazimika kumbakiza mtoto nyumbani, humbakiza nani?

Jibu tunalijua sote. Humbakiza msichana.

Tuitazame siku moja ya nyumba ya kawaida, iwe karibu na mto Luama au kando ya barabara inayoelekea Kasongo. Saa kumi na moja alfajiri, msichana wa miaka kumi na miwili anachukua bidoni na kushuka kijitoni. Mvua za kwanza huichafua chemchemi, kwa hiyo anangoja maji yatulie, na foleni ni ndefu. Akirudi anafagia ua, anakoka moto kwa kuni zilizolowa, anawapashia wadogo zake chakula kilichobaki jana. Mama amekwisha kwenda shambani na kikapu cha mbegu, maana mbegu iliyochelewa kupandwa huzaa kidogo. Msichana anamfuata akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mama anachimba mashimo na kutia mbegu. Binti anayafukia kwa mguu huku akimbembeleza mtoto. Mchana anarudi na mzigo wa kuni kichwani, ameshika sombe mkononi. Bado kutwanga hayo majani, bado kutwanga mihogo iliyokauka ili upatikane unga wa ugali, bado kuosha vyombo. Giza linapoingia hana mafuta ya taa wala nguvu za kufungua daftari.

Kaka yake, waliyeachana kwa miaka miwili tu, ameamka saa kumi na mbili. Amekuta maji ya kuoga tayari. Amevaa shati jeupe na suruali ya bluu, amekwenda darasani, na alasiri amecheza mpira hadi jua kuzama. Hatumlaumu kijana huyu kwa ukali. Hakuna aliyemwambia lolote, na yeye hakuuliza.

Sisi tuliosomea ualimu tumeshika daftari la mahudhurio kwa miaka mingi, na tunajua linavyoonekana katika majuma ya kwanza. Alama za kukosa hukaa mbele ya majina ya wasichana. Majuma hayo ndiyo msingi: mwalimu wa hesabu anaeleza sehemu ya namba kwa mara ya kwanza, mwalimu wa Kifaransa anaonyesha jinsi kitenzi kinavyobadilika. Anayekuja mwezi wa kumi anakuta wenzake wanajenga juu ya jambo asilolisikia. Anakaa nyuma, ananyamaza, na kunyamaza kwake tunakuita upungufu wa akili. Tumewahi kuandika hivyo katika vitabu vya matokeo, na leo tunaona aibu.

Tena aibu hiyo haikubaki darasani. Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba yetu wenyewe, mama watoto alikuwa amejifungua majuma machache kabla ya mvua. Binti yetu wa kwanza alikuwa anaingia mwaka wa tano wa shule ya msingi. Tulimwambia abaki nyumbani siku chache tu, mpaka mpunga upandwe. Siku chache zikawa juma, juma likawa mwezi. Kaka yake, aliyekuwa na mikono miwili kama yeye, hakukosa hata siku moja. Binti alirudi darasani akiwa amepotea, akarudia mwaka, na mwaka uliofuata akaacha shule. Hatukumfukuza, wala hatukumkataza kusoma. Tulimwazima kwa shamba, na shamba halikumrudisha. Leo ni mama wa watoto. Siku moja alitujia na karatasi ya chanjo ya mwanawe, akaomba tumsomee tarehe ya kurudi kituo cha afya. Tulimsomea. Sisi tuliowafundisha kusoma watoto wa kijiji kizima tulikuwa tunamsomea mtoto wetu wa kuzaa.

Ndiyo maana hatuandiki haya kama watu wasio na hatia. Tunaandika ili ninyi, mtakaokuwa baba na mama kesho, na ambao leo ni kaka na dada, msipite njia ile ile.

Wako watakaosema: hiyo ndiyo desturi yetu, mwanamume hufyeka, mwanamke huteka. Tunaiheshimu desturi, na kwa sababu tunaiheshimu tunaomba itazamwe nzima. Wazee wetu waligawa kazi kwa mizani. Kuangusha miti ya msitu mkubwa kwa shoka kulikuwa kazi ya hatari na ya majuma mengi. Kulikuwako pia kuwinda, kujenga nyumba na kulinda kijiji. Mwanamume aliyelala mchana alikuwa amechoka kweli. Leo mashamba mengi yanalimwa karibu na nyumba, mahali ambapo vichaka vimepumzika miaka michache tu, na kufyeka kwake hakulingani na msitu wa zamani. Vijana wengi wa kiume wamekwenda kutafuta dhahabu Salamabila na Namoya, na majembe yao yamebaki yameegemea ukuta. Kazi za upande mmoja zimepungua, lakini maji, kuni, kinu na mtoto mgongoni havikupungua hata kimoja. Mizani imeinama. Anayeshika upande mmoja tu wa desturi ameshika kile kinachomfaa yeye.

Tena desturi zetu hazikuwa jiwe. Mpunga huu tunaouita chakula cha kwetu uliletwa huku katika karne ya 19 na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani, walipopita na misafara yao Kabambare wakielekea Kasongo na Nyangwe. Misafara hiyo ilileta pia maumivu makubwa ya utumwa, nasi hatuyasahau. Lakini babu zetu waliipokea mbegu ngeni, wakajifunza majira yake, wakaifanya yao; na lugha hii tunayoandikiana ilikuja kwa njia ile ile. Kama wao waliweza kujifunza kupanda wasichokijua, kijana wa leo hashindwi kujifunza kubeba bidoni.

Wengine watasema: msichana ataolewa, na elimu yake itafaidi ukoo mwingine. Tunawajibu kwa swali. Mpunga unapopelekwa sokoni, ni nani anayesimama mbele ya mnunuzi na kuhesabu makopo? Mtoto anapopata homa usiku, ni nani anayesoma kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye pakiti? Ni mama, popote alipoolewa. Nasi tunaoa mabinti wa koo nyingine. Kila ukoo ukizuia mabinti wake, koo zote zitaoana na ujinga.

Wengine, na hawa tunawasikiliza kwa huruma zaidi, watasema: ni umaskini, shamba likikosa mikono, mwezi wa kwanza na wa pili kutakuwa na njaa. Ni kweli. Hatumwombi mzazi yeyote aache mbegu ioze kikapuni. Tunasema tu kwamba mikono ipo, ila haikugawiwa kazi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma, na tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza ahadi hiyo. Daftari na sare bado vinagharimu, na shule ya sekondari bado ni mzigo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi tunazozijua, kinachomzuia msichana wa shule ya msingi leo si karo. Ni bidoni.

Hapa tunapenda kuwakumbusha ukurasa wa Injili ambao husomwa haraka. Marko na Luka wanasimulia kwamba, ilipokaribia karamu ya mwisho, Yesu aliwatuma wanafunzi wawili mjini akawapa alama ya kuitambua nyumba: watakutana na mwanamume aliyebeba mtungi wa maji, wamfuate mpaka pale atakapoingia. Katika nchi ile kuteka maji ilikuwa hasa kazi ya wanawake, kama kwetu. Ndiyo sababu mwanamume mwenye mtungi angetambulikana kwa urahisi katikati ya umati. Jina lake hatulijui. Hatusikii kwamba alihubiri wala kwamba alifanya muujiza. Lakini nyuma ya mtungi wake wanafunzi walifika katika chumba ambamo Ekaristi iliwekwa. Na katika karamu hiyo, kama Yohane anavyotuambia, Bwana mwenyewe alitia maji katika bakuli akawaosha wanafunzi wake miguu. Kijana wa kiume anayeona haya kuonekana na bidoni barabarani na afikiri juu ya mtu yule.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulieleza familia kuwa kama Kanisa la nyumbani. Kanisa la namna hiyo haliwezi kuwa na mtoto mmoja anayehudumiwa na mwingine anayehudumia tu.

Basi tunapendekeza mambo mawili, madogo, yasiyohitaji fedha.

La kwanza ni la kila nyumba. Siku za shule, maji ya asubuhi yatekwe na kijana wa kiume. Asubuhi tu, na maji tu. Mengine yatafuata yenyewe. Dada yake atapata muda wa kufagia, kuoga na kutembea kwenda darasani pamoja na wenzake. Na mabinti, nanyi msinyamaze. Mkiona mnabakizwa nyumbani, mwambieni mwalimu au katekista mapema, kabla juma halijageuka kuwa mwezi.

La pili ni la kikundi cha vijana katika kila shirika. Tumezoea kufanya salongo siku ya Jumamosi kwa kufyeka majani ya kanisa. Mwezi wa tisa na wa kumi, majani ya kanisa yanaweza kungoja. Jumamosi moja twende sote katika shamba la mama aliyejifungua, nyingine katika shamba la mjane, nyingine katika shamba la mzee asiye na watoto wakubwa, kila mmoja na jembe lake. Vijana ishirini wakipanda tangu alfajiri hadi saa sita, huokoa siku nyingi za msichana mmoja. Viongozi wa kikundi waulize kwanza ni nyumba gani ina binti aliyekosa darasani juma hilo, na waanzie hapo.

Mjukuu wetu, binti wa yule binti, ameanza mwaka wa kwanza mwezi huu. Jumatatu ya kufungua shule tulichukua bidoni sisi wenyewe, tukashuka kijitoni kabla ya mapambazuko ili mama yake apate nafasi ya kumtayarisha. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mmoja akauliza kwa upole kama mama watoto ni mgonjwa.

Tulimjibu kwamba ni mzima kabisa, tukangoja zamu yetu.