Hilux Nayo Hufa

Miongoni mwa itikadi zilizokita mizizi katika nchi zetu, hata mwenye kuzipinga huonekana kana kwamba amekufuru, ni ile isemayo kuwa Toyota Hilux ya dizeli haifi, na kwamba anayetaka dabo kebini iliyokwisha kutumika hana haja ya kuuliza zaidi ya bei na rangi. Dhana hiyo iliongezewa ithibati mwaka 2003, pale kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilipoichukua Hilux kuukuu ya mwaka 1988, ikaachwa izame kwa maji ya bahari, kisha ikapandishwa juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, nayo, baada ya kutengenezwa kwa spana tu, ikawaka. Sina ubishi na mchezo ule. Nasema tu kwamba gari lile silo hili alitembezalo dalali leo.

Hilux zilizolijenga jina hilo, zenye injini kama 3L na 5L, hazikuwa na tabo wala kompyuta, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuzifungua asubuhi na kuzirudisha barabarani jioni. Zilizofuata, zenye injini za D-4D, ni viumbe vingine kabisa: dizeli yake hushindiliwa ndani ya bomba kwa shinikizo lipitalo mara elfu moja lile la hewa, ikarushwa na nozeli zisizostahimili uchafu hata kidogo; sembuse dizeli iliyoghoshiwa kwa mafuta ya taa, ghashi iliyozidi kiasi cha Tanzania kupandisha kodi ya mafuta hayo mwaka 2011, na Kenya kuyatoza shilingi 18 kwa lita mwaka 2018.

Fauka ya hayo, ile ya lita 3 iitwayo 1KD ina maradhi yake mahsusi, ambayo mafundi wanayajua na madalali hawayataji. Washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli huvuja. Masizi hupenya hata kwenye oili, yakagandamana na kuliziba chujio lililo chini ya injini, na mwenye gari, akiwa safarini pasi na dhana yoyote mbaya, hustukia injini imekwama kwa kukosa oili. Saa ya kilomita haisemi lolote juu ya kadhia hiyo, hata kama haikurudishwa nyuma.

Na huyo akuapiaye kwamba dabo kebini yake ya mwaka 2010 ilikuwa ya mzee mmoja mstaarabu wa Japani, mwulize aliinunua wapi, maana tangu 2004 hadi 2017 Toyota haikuwa ikiiuza Hilux nchini humo. Nyingi za miaka hiyo ziliundwa Thailand na Afrika Kusini.

Mnunuzi na aikute injini baridi, akatae iliyokwisha kupashwa moto kabla hajafika, aisikilize inapogonga mara ya kwanza, kisha afungue kifuniko cha kutilia oili injini ikiunguruma aone kama moshi unatoka kwa mapigo. Mwishowe alale chini aitazame chesi, hasa pale kebini inapoachana na bodi ya nyuma, kwani rangi mpya mahali hapo aghalabu imefunika kovu la kuchomelewa.