Kubuni sawa, lakini usitubunie Auschwitz

Najua uliililia. The Boy in the Striped Pyjamas, riwaya ya John Boyne ya 2006 iliyogeuzwa sinema 2008, imeliza watu kuliko matanga. Bruno ana miaka 9, babake ni mkuu wa kambi ya Wanazi. Kila siku anachomoka nyumbani kwenda kupiga stori na Shmuel, mtoto Myahudi aliye ng'ambo ya seng'enge.

Sasa hebu tulia. Kambi yenyewe kwenye riwaya ni Auschwitz. Waya wake ulikuwa na umeme, na walinzi wenye bunduki walikuwa minarani. Unaketi hapo vipi siku baada ya siku mkipiga gumzo? Watoto wapatao 232,000 walipelekwa Auschwitz, karibu wote Wayahudi, na wengi waliuawa kwa gesi saa chache baada ya kushuka kwenye garimoshi. Halafu Bruno, mtoto wa ofisa wa SS, eti hajui Myahudi ni nani. Zii! Shule za Hitler zilifundisha chuki hiyo darasani.

Utasema ni hadithi tu. Sawa, mwandishi abuni majina, abuni urafiki, abuni hata mapenzi. Asibuni namna watu walivyouawa. Tena angalia makosa haya yanavuta upande gani: yote yanatuletea Mjerumani asiyejua lolote. Mwishoni watoto wawili wanakufa wakiwa wameshikana mikono (kama hujaiona, pole, nimeshaiharibu). Wanaoomboleza ni familia ya Bruno. Shmuel je? Hatuonyeshwi hata mtu mmoja akimlilia.

Ndiyo maana Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalisema wazi kwamba anayesoma au kufundisha historia hii akiepuke kitabu hicho.

Hata kanamba kana uzito. Katika The Tattooist of Auschwitz ya Heather Morris, 2018, Gita anachorwa 34902 mkononi. Gita mwenyewe, kwenye ushahidi wake uliorekodiwa, alitaja 4562. Kuna watu mtandaoni wanaokana kwamba Wayahudi waliuawa, na pengo kama hilo ndilo wanalotafuta usiku na mchana. Kwa nini uwape bure?

Ukitaka pa kuanzia, mtafute Primo Levi. Alifikishwa Auschwitz Februari 1944, akatoka hai, na kitabu chake kikachapishwa 1947. Si kinene, mazee.