Je, nilimuua mume wangu?

MAMA mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo alinisimamisha nje ya kanisa baada ya misa, wiki sita tangu amzike mumewe. Hakuwa na maneno mengi. "Mwanangu," akasema, "wewe umesoma. Hebu niambie ukweli. Je, nilimuua mume wangu?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Mumewe alipatwa na kiharusi akalazwa siku 23 katika chumba cha wagonjwa mahututi, akipumua kwa mashine. Figo nazo zikakataa kufanya kazi. Madaktari walieleza jamaa waziwazi kwamba hapakuwa na tiba ya kumrudisha, na kwamba mashine ilikuwa inachelewesha tu jambo lisiloepukika. Harambee mbili zilikuwa zimekwisha kufanywa. Kilichobaki ni shamba la ekari mbili, ambalo ndilo linalowalisha na kuwasomesha watoto watatu.

Kikao cha jamaa kiligawanyika. Shemeji mmoja alisema shamba liuzwe, kwani uhai hauna bei. Mwingine akasema kuondoa mashine ni kuua, na Amri ya Tano iko wazi. Mwishowe mama huyu alikubali iondolewe. Mumewe akafariki usiku huo huo.

Msomaji mpendwa, swali la mama huyu huenda likabisha mlangoni pako kesho. Basi na tulitazame kwa utaratibu.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai ni amana kutoka kwa Mungu. Sisi ni watunzaji wake tu, wala si wenyewe. Ndiyo maana kumdunga mgonjwa sindano ili afe, hata kama ni kwa kumhurumia, ni kosa kubwa. Hapo hapana mjadala. Lakini aliyekabidhiwa amana huulizwa kama aliitunza inavyopasa. Haulizwi kwa nini hakufanya yaliyomshinda.

Fikira hii si ya leo. Katika karne ya 16, padri Mdominiko aitwaye Francisco de Vitoria, aliyekuwa akifundisha Salamanca, Uhispania, alijiuliza mtu analazimika kufanya mangapi ili asife. Alisema mtu lazima ale chakula cha kawaida, lakini halazimiki kununua vyakula vya gharama kubwa hata kama vingemrefushia maisha. Tena mgonjwa halazimiki kutoa mali yake yote ili apate dawa. Laiti yule shemeji wa shamba angalimsikia!

Mnamo Novemba 1957, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliulizwa na madaktari kuhusu mashine za kupumulia, ambazo wakati huo zilikuwa bado ngeni. Alijibu kwamba wajibu wetu ni kutumia njia za kawaida, kulingana na hali ya mtu, mahali na wakati, yaani njia zisizomtwika mgonjwa au mtu mwingine mzigo mzito kupita kiasi. Tazama hayo maneno "mtu mwingine". Mke na watoto wamo katika hesabu hiyo.

Katekisimu ya mwaka 1992 inashikilia mafundisho hayo. Inaruhusu kuacha matibabu yaliyo mzigo mno, ya hatari, au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Sababu yake ni kwamba anayeacha hakusudii kuua. Anakubali tu kwamba hawezi kukizuia kifo.

Je, tofauti hiyo ni ya maneno matupu? La. Mtu wa Budalang'i anayafahamu mafuriko. Anayebomoa ukingo wa mto ili nyumba ya jirani isombwe na maji ni mwuaji. Lakini aliyepanga magunia ya mchanga usiku kucha, kisha akaona maji yamempita kimo akaacha, hakumwua mtu. Maji ndiyo yaliyoua.

Hata Papa John Paul wa Pili, aliyetetea uhai kwa nguvu zake zote, alipofikia mwisho wake mwaka 2005 hakurudishwa hospitalini. Alibaki chumbani mwake Vatikani, akauguzwa huko, na akafariki tarehe 2 Aprili.

Hata hivyo, tusije tukayageuza mafundisho haya kuwa panga. Kuna wagonjwa wanaoweza kupona, na jamaa huwatupa kwa kuwa ni wazee au kwa kuwa mirathi inanukia. Hilo si kukubali kifo bali ni kukiita. Na endapo maskini anakufa kwa maradhi yanayotibika, kwa sababu tu hana pesa, hiyo ni dhambi, lakini si ya mjane wake. Ni yetu sisi sote tulioiacha hali iwe hivyo.

Tena, kuacha mashine si kumwacha mgonjwa. Chakula na maji maadamu mwili wake unavipokea, kuoshwa, kugeuzwa kitandani, dawa ya maumivu, mkono wa kumshika na padri wa kumpaka mafuta matakatifu ni haki yake hadi pumzi ya mwisho.

Lililomtesa mama huyu zaidi ni kwamba hakujua mumewe angetaka nini. Hawakuwahi kulizungumza. Sisi huogopa kutaja kifo nyumbani, tukidhani ni kukialika. Lakini Kanisa linasema mwenye kuamua kwanza ni mgonjwa mwenyewe, na wanaomwakilisha waheshimu matakwa yake ya haki. Watayaheshimu vipi ikiwa hakuyasema? Leo baada ya chakula cha mchana, waambie mkeo, mumeo au wanao. Haitachukua hata nusu saa.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule mama. "Mama," nikamwambia, "hukumwua. Ulimuuguza siku 23, ukamwitia padri, ukamshika mkono hadi mwisho. Kiharusi ndicho kilichomwua."

Alinyamaza kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa leso. Kisha akaniambia kwamba mvua ikinyesha, atapanda mahindi katika lile shamba.