WAZIMA MOTO WANGAPI WATOSHA?

Katika nchi ya Marekani miji midogo mingi haina wazima moto wa mshahara. Mwenye duka, fundi na mwalimu ndio wazima moto. King'ora kikilia huacha shughuli zao wakaenda. Desturi hiyo si ya jana. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kuzima moto mjini Philadelphia, watu 30. Wengine walipotaka kuingia kupita kiasi, walishauriwa waunde chama chao wenyewe. Tangu siku hizo, basi, swali lilikuwapo: watu wangapi ndio kiasi?

Swali hili huamuliwa katika mabaraza ya miji, na mara nyingi huamuliwa vibaya. Diwani hufungua daftari, akahesabu majina, akatangaza kuwa watu wanatosha na fedha hazihitajiwi. Sisi twasema: daftari halizimi moto.

Na tuyatazame mambo yenyewe. Kanuni ya usalama kazini ya nchi hiyo, tangu mwaka 1998, yataka wawili wakiingia ndani ya nyumba iwakayo, wawili wengine wawe nje tayari kuwaokoa. Kanuni hiyo haiwafungi wa kujitolea katika kila jimbo, lakini moshi haumwulizi mtu kama analipwa. Hao ni wanne. Ongeza mwenye pampu na mwenye kuamrisha, wawa sita. Na sita ndiyo hesabu iliyowekwa na kipimo kiitwacho NFPA 1720 kwa mashamba yenye watu chini ya 500 katika maili moja ya mraba: wafike katika dakika 14, mara 8 katika kila 10. Palipo na watu zaidi ya 1,000, kilitaka 15 katika dakika 9.

Wako wasemao kuwa wawili hodari wafanya kazi ya wanne. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010 na taasisi ya vipimo ya serikali, NIST, yaliwajibu: wanne walimaliza kazi za moto wa nyumba kiasi cha dakika 7 kabla ya wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na dakika 7 katika moshi ni uhai wa mtu.

Sasa hisabu. Tuseme kijiji kina majina 24. Usiku wote wamo majumbani. Lakini saa nne ya asubuhi wengi wako kazini, mji mwingine. Ikiwa mmoja tu katika kila wanne aweza kuitika, watakuja sita. Akiugua mmoja, kiasi kimevunjika. Kwa hiyo hesabu ya haki huanzia saa iliyo dhaifu kabisa, si saa ya kujivunia.

Wala dawa si kulijaza daftari. Kila jina lataka mafunzo, nguo na chombo cha kuvutia pumzi, na asiyefunzwa ni mzigo wa kuokolewa. Tena watu wenyewe wapungua: mwaka 1984 wa kujitolea walikuwa 897,750; mwaka 2020 walikuwa 676,900, hali miito ya vikosi vyote imezidi mara tatu.

Yapasa basi mambo matatu. Kwanza, baraza liandike ni wangapi waliofika katika kila moto, na kwa saa gani. Pili, vijiji jirani vipatane viitwe pamoja tangu king'ora cha kwanza, si baada ya paa kuanguka. Tatu, ikiwa mchana bado hawatimii, walipwe wachache wa mchana. Na baraza lisione haya kuwaomba wananchi fedha hizo.

Mtu ajitoleaye ametoa usingizi wake na pengine roho yake. Kumpeleka motoni na mwenzake mmoja, kwa kuwa daftari limejaa, si kubana matumizi. Ni dhuluma.