Waya wa Bigwa na Chombo cha Angani: Tuhame au Tudai?

Miongoni mwa wakazi wa Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, pale inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki, limezuka swali ambalo lastahili kujadiliwa na walimu na wanafunzi wa sayansi nchini kote. Intaneti iletwayo kwa waya hukatika mara kwa mara, pengine kwa saa chache, pengine kwa siku nzima. Kampuni inayotuhudumia mimi na majirani zangu, ambayo sina haja ya kuitaja, hujibu kila mara kwamba mafundi wako njiani. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema: tuachane na waya, tununue dishi, tupate intaneti kutoka kwenye setilaiti. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo limetolewa kwa haraka mno. Kabla ya kuuliza tuhamie wapi, yatupasa tujue hasa kinachokatika ni nini.

Jambo hili si la starehe. Siku hizi kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba nafasi ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, na mkopo wa elimu ya juu huuomba kwa njia hiyo hiyo. Mwombaji aliyekosa mtandao siku ya mwisho hawezi kujitetea kwa kusema kwamba nguzo ilianguka. Kwa hiyo anayejadili waya na dishi anajadili pia nafasi ya mtoto wa mkulima katika elimu.

Tulikotoka

Setilaiti si ngeni kwetu. Kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970, na Afrika ya Mashariki ikaanza kuzungumza na ng'ambo kwa njia ya anga. Intaneti ilipoingia Tanzania, nayo ilitegemea setilaiti kwa safari yake ya kwenda nchi za mbali. Hali ilibadilika mwezi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi na kutua Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Nchi kavu, Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ni nyuzi za kioo zinazopitisha nuru. Nchi yetu, basi, imekwisha kufanya safari hii mara moja, ila kwa upande wa pili: ilitoka angani ikaingia baharini, na hiyo ilikuwa hatua ya mbele.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza darasani. Setilaiti za zamani zilikaa, na nyingine zingali zinakaa, kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Katika umbali huo chombo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo kwa mtu aliye chini chombo huonekana kimesimama. Lakini mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni kilomita 71,600 hivi, yaani karibu robo ya sekunde, na ukihesabu swali pamoja na jibu lake, ni karibu nusu sekunde. Ndani ya uzi wa kioo nuru huenda polepole kidogo, kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, lakini kutoka Bigwa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 200 tu. Safari hiyo huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Siku hizi zipo setilaiti za aina nyingine, zinazozunguka katika urefu wa kilomita 550 hivi. Kupanda na kushuka kwake ni kilomita 1,100, yaani safari fupi mara 65 kuliko ile ya kwanza. Hapana budi tukiri kwamba hoja mojawapo iliyotushusha kutoka angani imeondolewa na maendeleo hayo. Anayeipinga setilaiti ya leo kwa ucheleweshaji wa setilaiti ya jana hatendi haki.

Mlima, mvua na umeme

Hata hivyo kila faida ina gharama yake. Setilaiti ya karibu haisimami. Huenda kwa mwendo wa kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde, na humaliza kuizunguka dunia kwa dakika 95. Kwa hiyo huonekana kwa dakika chache tu, kisha kazi hupokewa na nyingine. Ndiyo maana zinahitajika maelfu, na ndiyo maana kipokezi chake chataka sehemu kubwa ya anga iliyo wazi. Dishi la zamani halikuwa na shida hiyo. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na setilaiti iliyosimama kwenye nyuzi 36 Mashariki iko karibu utosini mwetu, ikielekea kaskazini kidogo. Milima iliyo kusini mwa Bigwa haiizuii kamwe. Lakini kipokezi cha setilaiti zinazotembea, kikiwekwa chini ya mwembe au ndani ya bonde jembamba la Uluguru, kitapoteza mawasiliano kila chombo kinapopita nyuma ya kizuizi.

Jambo la pili ni mvua. Mawimbi ya gigahezi 12 yana urefu wa sentimita mbili na nusu, na yale ya gigahezi 30 yana urefu wa sentimita moja. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi na kukaribia ukubwa wa tone la mvua, ndivyo tone linavyozidi kulimeza na kulitawanya. Wimbi linaloweza kupenya wingu jepesi laweza kushindwa na mvua kubwa ya masika. Mitelemko ya mashariki ya Uluguru ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini, na anayeishi chini ya milima hiyo asidhani kwamba anga ni njia isiyo na tope.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni umeme. Kifaa kidogo cha nyumbani kinachopokea nyuzi za kioo hutumia wati 10 hivi. Kipokezi cha setilaiti zinazotembea chaweza kutumia wati 75. Kikiwashwa mchana na usiku kwa siku 30, hutumia yuniti 54 za umeme, ambapo kile cha kwanza hutumia yuniti 7 na kitu. Mteja mdogo wa TANESCO, ambaye matumizi yake hayapaswi kuvuka yuniti 75 kwa mwezi ili abaki katika bei nafuu, ataona sehemu kubwa ya umeme wake ikiliwa na dishi.

Hesabu ya kukatika

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao mwalimu wa hisabati aweza kuutumia katika somo la uwezekano. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Waya ukifanya kazi asilimia 95 ya muda, shule itakosa mtandao kwa saa 36. Setilaiti ikifanya kazi asilimia 98, itakosekana kwa saa 14 na dakika 24. Shule yenye njia zote mbili, ikiwa sababu za kukatika hazihusiani, itakosa zote kwa pamoja kwa saa 720 × 0.05 × 0.02, yaani dakika 43 tu.

Uzito wa hesabu hii umo katika maneno “ikiwa hazihusiani”. Tuseme kwamba katika zile saa 36, saa 12 zilitokana na umeme kukatika. Katika saa hizo dishi nalo litazimika. Mwenye shida hiyo hahitaji setilaiti, anahitaji betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 12 ina wati-saa 144. Hiyo inatosha kukiendesha kifaa cha wati 10 kwa saa nane na kubakiza. Kipokezi cha wati 75 kwa muda huo huo chataka wati-saa 600. Wapo watu wanaolaumu waya kwa kosa la umeme, na watu hao wakinunua dishi watakuwa wamenunua tatizo lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Isitoshe, anga nayo hukatika. Tarehe 24 Julai 2025 mtandao wa Starlink ulizimika sehemu nyingi za dunia kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa hitilafu ya programu. Kwa upande mwingine, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika nchini mwetu na kwa jirani zetu. Visiwa vya Tonga vilipokatikiwa mkongo wao na mlipuko wa volkano Januari 2022, setilaiti ndizo zilizowashika mkono kwa wiki tano, hadi meli ilipomaliza matengenezo. Funzo ni kwamba hakuna njia isiyokatika. Taifa lenye busara hutunza njia zaidi ya moja, wala haliachi mojawapo kwa kuvutiwa na upya wa nyingine. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tuhame au tudai?

Hoja yangu ya mwisho ni ya kijamii. Mtu aliyechimba kisima uani kwake huacha kuuliza kwa nini bomba la mtaa halitoi maji. Vivyo hivyo, wenye uwezo wa kununua dishi wakihama mmoja mmoja, sauti ya kuidai kampuni itengeneze waya itapungua, na wateja watakaobaki watakuwa wachache na wanyonge. Mwalimu, muuza duka na mwanafunzi aliyepanga chumba watabaki na nguzo iliyoinama. Setilaiti ya mtu mmoja humwokoa mtu mmoja, lakini waya uliotengenezwa huuokoa mtaa mzima.

Bigwa iko ndani ya Manispaa, na waya umekwisha kufika. Mahali kama hapa si pa kuhama, bali ni pa kudai. Lakini nenda Kolero, Kinole au Tegetero, juu milimani, ambako nguzo hupandishwa kwa taabu na udongo huporomoka wakati wa masika. Kuiambia shule ya huko isubiri uzi wa kioo ni kuiambia isubiri miaka. Huko ndiko setilaiti inakostahili kutangulia, na fedha za umma zikitumika kwa dishi, zianzie huko. Ziambatane na betri na paneli za jua, na anga ipimwe kwanza kama iko wazi.

Kwa shule na kaya za bondeni napendekeza mambo matatu. Kwanza, iwekwe daftari. Wanafunzi wa fizikia waandike kwa muhula mzima kila mtandao unapokatika: tarehe, saa, muda, kama umeme ulikuwapo, na kama mvua ilinyesha. Pili, daftari hilo lipelekwe kwa kampuni kwa niaba ya wateja wote wa mtaa, na majibu yasiporidhisha lipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Lalamiko lenye tarehe na saa ni zito kuliko manung'uniko ya mtu mmoja kwenye simu. Tatu, pale ambapo daftari limeonyesha kwamba kosa ni la waya wenyewe, na madai hayakusikilizwa, hapo shule iongeze setilaiti kama njia ya pili, kutoka kwa mtoaji huduma mwenye leseni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 yataka leseni, na dishi lililoingizwa kwa mlango wa nyuma halina wa kulidai siku litakapozimika.

Sayansi haitukatazi kutazama angani. Inatutaka tupime kabla ya kutazama. Shule itakayoanza daftari lake muhula huu itaweza, muhula ujao, kusema kwa takwimu zake yenyewe kama inahitaji betri, fundi au setilaiti.