Ngumi na Mkataba

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kijana wa Magongo anayetamani kuishi kwa ngumi zake hana budi kuizingatia methali hii.

Mnamo Septemba 2023, bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alijitoa katika pambano dhidi ya Julius Indongo wa Namibia jijini Dar es Salaam, akidai kuwa mwandalizi alikiuka makubaliano. Mwezi uliofuata, kamisheni ya ngumi za kulipwa ya Tanzania ilimfungia mwaka mmoja. Katika mizozo kama hii, mashabiki hujadili kiburi na woga. Ni nadra kuulizwa mkataba ulisema nini.

Francis Ngannou wa Kameruni, aliyekuwa bingwa wa uzani wa juu wa UFC, aliposhindwa kuafikiana na kampuni hiyo, alisubiri hadi mkataba ukaisha. Aliondoka Januari 2023 bila mkanda, na Oktoba akapigana na Tyson Fury mjini Riyadh. Aliufahamu mkataba wake.

Kwa hivyo, vilabu vya Mombasa vidai mikataba iandikwe kwa Kiswahili, lugha aielewayo mpiganaji. Atiaye sahihi asichokielewa ameshindwa kabla ya kengele kulia.